Walibandika uso wangu ukutani, wakaandika sijui kusoma

Wakuu, habari za mchana. Mimi huwa nasoma tu humu, sijawahi kuandika. Leo naandika kwa sababu nina hasira, na hasira yenyewe imekataa kuisha. Yote haya yalinipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Niko cyber hapa Kangemi, kwa kompyuta ya kulipia. Naandika polepole na niliishia darasa la nane, kwa hivyo mnivumilie.

Naitwa Mwende. Nina miaka ishirini na mbili na kazi yangu ni kufua nguo za watu. Sina mtoto, lakini kwa kazi hii kila mtu huitwa mama fua, hata ukiwa msichana.

Asubuhi tunatembea kutoka Kangemi mpaka Muthangari, mtaa wa wenye pesa, tunakaa kando ya barabara karibu na mageti, tunangoja mwenye nguo atokee. Aliyefika kwanza ndiye huondoka kwanza. Siku zingine unakaa mpaka saa nane na hakuna geti limefunguka. Unarudi vile ulivyokuja.

Siku moja akaja dada anaitwa Linda, wa kampuni fulani ya mjini. Akatuambia wanatengeneza huduma ya simu. Mwenye nguo anatuma SMS, wewe mwoshaji unaipata kwa simu yako, unajua nyumba ya kwenda kabla hujatoka kwako.

Nilifurahi mpaka nikaogopa. Hiyo ingenitoa kwa barabara.

Linda alikuwa na maswali mengi. Sasa mimi ni mwoga wa kuongea na wageni, na pale kwetu mkubwa akiwepo, mdogo haropoki. Kwa hivyo kila nikiulizwa, alijibu Mama Kevo, ambaye ndiye mkubwa wetu.

"Huyu anafua kutushinda wote," akasema. "Shida yake ni mdomo. Ukimwibia ndoo, yeye ndiye atakuomba msamaha."

Wote wakacheka, hata mimi.

Linda akanipa fomu nijaze. Nikiwa swali la tatu akatazama saa, akaichukua. "Lete nikujazie, dear, usijisumbue."

Kisha akauliza kama nina simu. Nikaitoa. Ilikuwa ndani ya juala, mfuko wa plastiki, nimeizungushia mpira. Kila mama fua hufanya hivyo, maji yakiingia kwa simu umeikosa. Linda akaitazama, akaandika kitu. Hakuuliza mbona. Akanipiga picha nikiwa nimeshika ndoo, akaenda zake.

Baada ya mwezi hivi akanipigia. Walitaka mtu wa kuijaribu hiyo huduma, ofisini kwao mjini, orofa ya tano. Nikavaa nguo ya kanisa nikaenda.

Aliniacha kwa chumba cha mikutano akaenda kunitafutia chai. Ukutani walikuwa wamebandika karatasi kubwa kubwa. Kwa moja nikaona uso wangu.

Mimi. Na ndoo.

Chini yake: Jina, Pendo. Miaka thelathini na tano. Watoto watano.

Nikasogea, nikasoma huku kidole kikifuata maneno. Ilikuwa kwa Kiingereza, lakini Kiingereza cha kunitukana nilikielewa. Hajui kusoma wala kuandika. Anaogopa simu, huifunga kwa juala asiiguse. Hawezi kujieleza, wengine humsemea. Atakubali kazi yoyote.

Na mwisho, kwa kalamu nyekundu: Pendo asitumiwe SMS. Itumwe kwa ajenti.

Linda aliporudi na chai nikamuuliza ajenti ni nani. Akasema ni mtu watakayemweka Kangemi. SMS zote zitaingia kwake, na yeye ndiye atachagua nani aende kazi.

Wakuu, Kangemi mnaijua. Mtu kama huyo atapeleka dada zake kwanza, halafu shemeji zake, halafu wale wanaomchekea. Mimi nisiyejua kumchekea mtu ningerudi kukaa barabarani, na barabara yenyewe sasa haina kazi, kwa sababu kazi zote ziko kwa simu ya mtu mmoja.

"Hii ni nini?" nikauliza, nikionyesha ukuta. Sauti ilitoka ndogo.

"Hiyo inaitwa persona," Linda akasema. "Si wewe. Ni mtu wa kutunga, wa kutusaidia kukumbuka tunamtengenezea nani."

"Kama si mimi, mbona uso ni wangu?"

Akaiweka chai mezani.

Hapo ndipo bosi wake, Dennis, akaingia na meno nje, mkono umetangulia. "Karibu, karibu! Huyu ndiye Pendo wetu!"

"Mimi ni Mwende."

Nikaanza kumsomea ile karatasi. Yote, kwa sauti, laini kwa laini. Ilichukua muda. Alitazama dirisha, akatazama Linda, akatazama viatu vyake, na mimi bado nasoma. Nilipomaliza nikamwambia juala ni ya kuzuia maji. Nikamwambia Mama Kevo hunisemea kwa sababu ni mkubwa wangu, si kwa sababu sina akili. Hao watoto watano sijui waliwatoa wapi.

Dennis akajikuna shingo. "Sawa, tumekusikia. Lakini wafadhili wameshaiona hii na wakaikubali. Hatuwezi kubadilisha design yote kwa sababu ya mtu mmoja."

"Lakini mliiandika kwa sababu ya mtu mmoja."

Sijawahi kumjibu mtu wa tai hivyo. Nikabandua picha yangu, nikaikunja, nikashuka ngazi za orofa zote tano. Ile chai sikuigusa.

Mnafikiri waliona haya? Wiki iliyofuata Linda alirudi Muthangari na kamera. Walitaka uso mwingine wa kuweka pale pale, maneno yakiwa yale yale!

Lakini nilikuwa nimeshawaambia wenzangu. Mama Kevo akapindua ndoo, akaipiga kofi juu.

"Keti hapa, msichana. Leo tunaanza na maneno. Andika, utusomee. Tukisikia ni sisi, ndio upige picha."

"Mama, nina dakika kumi tu."

"Sisi tuko hapa tangu saa moja. Keti."

Akaketi. Akaandika, akatusomea, akafuta mara nne. Alipofika kwa maneno ya ajenti nilishindwa kungoja, nikasema mbele ya Mama Kevo bila kuruhusiwa. Nikamwambia Linda aandike kwamba kila mtu atumiwe SMS kwa simu yake mwenyewe, na asiyejua kusoma atasomewa na jirani anayemwamini, jirani aliyechaguliwa na yeye mwenyewe.

Mama Kevo akanigeukia. Nikajua sasa nimeharibu.

"Andika vile amesema," akamwambia Linda.

Linda aliondoka na karatasi tatu na bila picha hata moja, kwa sababu kufikia hapo mageti yalikuwa yameanza kufunguka na sisi tuna kazi. Kama Dennis atazikubali, sijui. Mpaka leo hakuna SMS iliyoingia, wala huyo ajenti hatujamwona.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu akija kukuuliza maisha yako, usimpe uso kabla hajakusomea alichoandika. Ukinyamaza atajaza mwenyewe, na atakachojaza ndicho utakachotengenezewa. Nilidhani ukimya wangu ni wangu peke yangu. Kumbe ulikuwa karibu kuwanyima kazi wamama kumi na wawili ninaokaa nao barabarani.

Sasa nyinyi mnaofanya kazi hizo za kompyuta mjini, najua mko wengi humu. Nijibuni ukweli: hao watu mnaowabandika kwa kuta zenu, kuna siku mmewahi kuwaita wasome?

Jumamosi nitakuwa hapa cyber tena. Msiniandikie kwa kifupi eti mnanihurumia. Nitasoma yote.