Nilivyoichora Shingo ya Mzee Wambura

Ile sikukuu ya mavuno pale Mugeta naikumbuka vizuri, mjukuu wangu, na nikiikumbuka vidole vinaniwasha kutafuta mkaa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na kwa kuchora watu hakuna aliyeniweza kuanzia Bunda mpaka Butiama. Nasema hivyo bila haya. Uzee una raha zake, unajisifu na watu wanakuitikia tu.

Baada ya misa tulikusanyika kwenye ghala la pamba. Ukuta wake ulikuwa umetoka kupakwa chokaa, mweupe kabisa, na katekista akaniambia niwachore wageni ili watu wacheke wakati chakula kinaiva. Nikaanza na mama aliyeongoza kwaya, nikamfungua mdomo hivi, njiwa wawili wamejenga kiota ndani. Watu hoi! Mwenyewe alicheka akaniletea soda. Basi kichwa kikavimba, nikaanza kutafuta mtu wa kufungia kazi, na macho yakaangukia kwa Mzee Wambura.

Mzee Wambura alikuwa wa rika la marehemu baba yangu. Walitahiriwa msimu mmoja. Kwetu mtu wa namna hiyo ni baba, na baba hataniwi. Babu unaweza kumwambia unamchukua bibi awe mke wako, naye atakutukana vizuri mkacheka wote. Baba, hapana. Tena Jumamosi iliyofuata yeye ndiye angesimama mahali pa baba kwenda Guta kumposa Nyabise kwa ajili yangu. Bila mtu wa rika hilo kututangulia, wazee wa Guta wasingetupa hata kiti, na mimi Nyabise nilimpenda mpaka usingizi ulinikimbia.

Yote hayo niliyajua. Lakini mkaa ulikuwa mkononi na watu walikuwa wanapiga vigelegele.

Shingo yake ilikuwa imepinda. Ujanani alichimba dhahabu Buhemba, shimo likabomoka, akatolewa hai, shingo imelalia bega la kushoto. Mimi nikaipinda zaidi, nikaizungusha kama kulabu, kichwa nikakining'iniza chini ya kwapa. Ghala zima likaangua kicheko. Yeye alitabasamu kidogo, akachukua fimbo yake, akaondoka kabla ya chakula. Jioni mke wake akamletea mama ujumbe kwamba tumtafute mwingine wa kwenda Guta.

Mama hakunigombeza, alilia. Afadhali angenichapa. Kesho yake asubuhi nilikuwa nimepiga magoti mlangoni kwa Mzee Wambura, naomba msamaha.

"Mura," akaniambia, kama tunavyoitana vijana wa huku, "hii shingo ilichorwaga na jiwe la Buhemba. Wewe umenakili tu. Mimi mwenyewe niko wapi pale ukutani?"

Nikainuka niende kuifuta ile picha.

"Basi kaa hapo. Nitazame mpaka unione. Ukishaniona, nichore tena, ukuze unavyotaka. Kuchekwa siogopagi, mura. Lakini nichekwe mimi, siyo jiwe."

Mwanangu, nilikaa siku nzima! Saa ya kwanza niliona shingo tu. Ya pili, shingo. Halafu akapita mama mmoja na ndoo ya maji kichwani, Mzee akamsalimia kwa mikono miwili, na mkono wa yule mama haukuachiwa. Akaulizwa habari za mtoto wa kwanza, za wa pili, za mbuzi aliyekuwa anaharisha. Ndoo ikaanza kummwagikia mgongoni. Nyuma yake akasimama mchungaji na ng'ombe wake, nyuma ya mchungaji muuza dagaa, na kila mmoja alipofika akashikwa vilevile. Nikaona na jambo jingine. Miaka yote nilidhani anatazama pembeni ukimsemesha, kumbe ile shingo ilikuwa inalipeleka sikio lake kwa msemaji. Hapo nikaomba kipande cha boksi nichoree.

Nikamchorea mikono mikubwa kama milango, imemfunika yule mama na ndoo yake, na nyuma foleni imefika barabara ya Bunda. Mwisho wa foleni nikamweka mchungaji aliyeota mvi akisubiri kusalimiwa. Shingo niliiacha ilivyo, sikuiongeza wala kuificha.

Mke wake alipoiona alipiga kelele. "Ndiye! Ndiye huyu! Mkono huo ulinishikaga kisimani, nikaja kuachiwa nina watoto watatu!"

Mzee alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikalia, wala sioni aibu kukuambia. Jumamosi alitutangulia Guta. Nyabise ndiye bibi huyu anayekufukuza ukikanyaga mchicha wake.

Sasa sikiliza. Jana ulinionyesha kwenye simu picha ya mwalimu wenu mwenye kigugumizi, umemjaza mdomoni herufi mia zimekwama. Una mkono, mwanangu, tena mkono hasa! Lakini ifute kabla haijafika kwenye kundi la darasa. Ukikikuza kitu ambacho mtu anakifanya mwenyewe kila siku, wote wanamtambua, naye anajitambua. Ukikikuza kilichompata tu, aliyeonekana ni wewe. Ule ukuta wa ghala ulimwonyesha mtu mmoja sawasawa kabisa, kijana aliyekuwa tayari kumuuza baba yake kwa makofi.

Kwa hiyo kesho kaa mbele, mtazame yule mwalimu mpaka umwone. Ukishamwona mkuze, mkuze bila huruma, ndiyo raha ya kazi hii! Mungu akupe jicho lenye subira na mkono mwepesi. Na kila utakayemchora akuombe picha hiyo, akaitundike sebuleni kwake, awaambie wageni, "Huyu ni mimi."