Trauti wa Werugha

Zephaniah Mwandoe alirudi kwetu Werugha mwaka wa 1992 amevaa koti la mvua la mzungu na kukumbatia kasha la barafu kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amefanya kazi katika kambi moja ya wavuvi huko Mlima Kenya, akiwapeleka wageni mtoni na kuwafunza kuvua trauti, samaki wa maji baridi, kwa nzi bandia wa manyoya na uzi. Ndani ya lile kasha mlikuwa na mifuko ya nailoni yenye maji, na ndani ya mifuko vifaranga arobaini wa samaki huyo. Safari ya treni hadi Voi, kisha pikapu ya kupanda milima, iliua kumi na mmoja. Ishirini na tisa waliobaki aliwamwaga kwenye kidimbwi kilicho juu ya shamba lake, pale mto unapotoka msituni. Akatutangazia majirani kwamba hao wakikua, wageni watakuja Taita kuvua, na yeye ndiye atakayewaongoza.

Mke wake Jedidah alikuwa rafiki yangu, kwa hivyo nitasema wazi: yule bwana alinichosha. Alipiga marufuku kila kitu pale kidimbwini. Hakuna kufua, hakuna kunywesha ng'ombe, hakuna kulima ukingoni. Sisi wanawake tulishuka bondeni kabisa kufua, tukapanda mlima na karai za nguo zilizolowa kichwani, yote hayo kwa ajili ya samaki ambao hakuna aliyewaona tena tangu siku waliyomwagwa.

Lakini kazi yake aliijua, hilo siwezi kumnyima. Mwaka wa 1994 aliposema sasa wamekomaa, nilimtazama akianza. Alikuja kutoka upande wa chini wa mto, kwa sababu samaki huuelekea mkondo na hamwoni anayetokea nyuma. Aliinama ili kivuli chake kisianguke majini. Kiwiko alikibana ubavuni kana kwamba ameficha Biblia kwapani, akarusha uzi nyuma kwa fimbo yake ya kuvulia, akangoja unyooke wote, ndipo akausukuma mbele. Nzi alitua juu ya maji bila kutikisa chochote.

"Umeona, Mama Festus?" aliniambia. "Trauti akimdaka nzi, usivute kwa nguvu. Unainua fimbo kidogo tu. Ukivuta kama unang'oa muhogo, umempoteza."

Nilimuuliza mbona nzi wake hazami. Akanitazama kana kwamba nimetukana mzazi wake. Mkubwa wake wa kwanza kule kambini alimfunza kwamba mvuvi wa heshima huvua juu ya maji. Kuzamisha chambo ni uvivu.

Basi akavua juu ya maji kila asubuhi kwa miaka mitatu. Hakupata hata mmoja. Alibadilisha nzi: mweusi, wa kahawia, mwenye bawa la unyoya wa kanga. Jogoo wangu alitembea shingo wazi msimu mzima kwa sababu yake. Jedidah alilima peke yake, akapalilia peke yake, akabeba kabichi peke yake hadi barabarani kungoja lori la soko la Voi. Watu walimtania mumewe njiani, "Baba Wakesho, leo samaki wamesemaje?" Mwanzoni alicheka nao. Baadaye akawa anapitia msituni asikutane na mtu, akakonda, akaacha hata kuja kanisani.

Mapema mwaka wa 1997 jua lilituchoma vibaya. Mto ulikatika huku chini, kikabaki kile kidimbwi cha juu peke yake. Nilikuwa kwa Jedidah tukichambua maharagwe alipomgeukia mumewe.

"Baba Wakesho, mboga zinakufa. Niruhusu nipande kabichi kule juu, kando ya maji."

Zephaniah aliitazama fimbo yake iliyoegemea ukutani.

"Panda tu," akasema. "Hakuna samaki kule. Wangekuwepo, mimi ningewatoa."

Akaifunga fimbo kwa gunia, akaipandisha darini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kuzika. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijiambia kwamba sasa rafiki yangu amepata mume wa kumsaidia shambani.

Hakumsaidia. Alishinda ameketi nyuma ya nyumba akitazama ukuta wa jikoni. Jedidah alipanda kabichi zake ukingoni, zikashika vizuri, na zilipoanza kufunga zikaingiliwa na viwavi. Nikampa pampu yangu ya dawa. Alinyunyiza jioni ile, kisha akasuuza pampu kidimbwini na kuyamwaga maji humo humo, kama tulivyofanya sote tulipolima kando ya mto.

Asubuhi nilimsikia Jedidah akiniita kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Nilipofika, Zephaniah alikuwa tayari ndani ya maji hadi magotini. Kidimbwi kizima kilikuwa kimejaa samaki walioelea ubavu juu, wenye madoa meusi na mstari mwekundu ubavuni. Kumi na wanne walikuwa wakubwa, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Waliobaki walikuwa wadogo wadogo, wengi kiasi kwamba hatukumaliza kuwahesabu. Hao wadogo hakuwaleta yeye. Walizaliwa hapa kwetu.

Alimchukua aliye mkubwa kuliko wote, akaketi juu ya jiwe, akampasua tumbo kwa kisu. Ndani mlikuwa na kaa. Kaa wa mtoni wadogo, wengine bado hawajasagika, wale wale wanaotubana vidole tunapofua. Alipasua wa pili, akapasua wa tatu. Kaa tu. Hakukuwa na nzi hata mmoja. Walikuwa wakila chini, kwenye mawe, miaka yote ile alipokuwa akiwapitishia manyoya juu ya vichwa vyao.

Nilitaka kusema kwamba pampu ni yangu, lawama iwe yangu. Jedidah alikuwa amesimama katikati ya kabichi zake, analia, mikono ameishikilia mbali na mwili kana kwamba bado ina dawa.

"Si uliniambia hakuna?" akamuuliza. "Baba Wakesho, si uliniambia?"

Zephaniah alikuwa akiwapanga samaki wake kwenye majani, wakubwa upande huu, wadogo upande ule. Hakuinua kichwa.

"Nilikuambia," akasema.