Karatasi Yenye Doa la Bluu

Niliishia darasa la tatu, lakini kuvuja nakujua. Kwetu kibuyu kipya hakitiwi maziwa hivi hivi. Unakijaza maji, unakikalisha juu ya majivu makavu tangu asubuhi mpaka asubuhi ya pili. Majivu yakibaki meupe, tia maziwa. Yakilowa, kibuyu bado.

Hayo ndiyo niliyomwambia mjukuu wangu wa kike alipokuwa anaunda kompyuta sebuleni kwangu, hapa mtaani Elerai. Amesomea mambo hayo chuoni, na kanisani nilimsifu mpaka wenzangu wakachoka. Alikuwa anahariri video za harusi, na mashine yake ya zamani ilichemka kama sufuria ya makande. Hii mpya angeipoza kwa maji: pampu, mipira ya kupitisha maji ya bluu, na rejeta kama ya gari, ila ndogo. Vyote alivipata mjini. Mimi niliyepanga foleni ya sabuni enzi za uhaba nilishangaa kwamba kuna duka linauza rejeta ya kompyuta.

"Maji na umeme sanduku moja," nikamwambia. "Chuoni walikufundisha hivyo, au siku hiyo ulilala?"

"Koko," akaniita, yaani bibi, "tunajaribu kwanza. Pampu peke yake inapata umeme, vingine vyote nimechomoa. Maji yanazunguka siku nzima, usiku na mchana. Tukikuta pakavu, ndipo nawasha."

"Basi nilete majivu."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Majivu yataua mashine kabla ya maji. Tutaweka karatasi za chooni chini ya kila kiungo."

Nilikuwa na sababu ya kung'ang'ania. Ndani ya sanduku lile alikuwa amekwisha kufunga diski yenye video ya marehemu mume wangu akiimba besi kwenye kwaya. Kanda yenyewe iliota ukungu tukaitupa. Nakala angeitoa mashine mpya ikianza kazi. Kwa hiyo sauti ya mzee ilikuwa pale tu, na mjukuu aliniahidi akiwa amenishika mkono: siku nzima, hapunguzi hata saa.

Karatasi nilizikunja mwenyewe, mara nne, ncha nikazichomeka ndani kama ninavyokunja leso za mezani kwenye sherehe. Nilikaa nazo kutwa. Mpaka jua linazama zilikuwa kavu.

Asubuhi nikachungulia tena. Nyeupe zote.

"Hongera, mama," nikamwambia.

"Asante, Koko."

Nikaenda jikoni kumchemshia chai ya kumpongeza. Kwenye kikapu cha kuwashia moto nikakuta karatasi moja, imekunjwa mara nne, ncha ndani. Katikati ina doa la bluu, pana kama sarafu.

Nikarudi nayo sebuleni. Chini ya rejeta kulikuwa na karatasi imekunjwa mara mbili, ovyo ovyo. Yeye alikuwa amesharudisha nyaya zote, mkono uko kwenye swichi ya ukutani.

"Usiwashe."

Akaiona karatasi mkononi mwangu. "Lilikuwa tone moja. Nimekaza klipu. Mteja anakuja saa nne."

"Kwa hiyo ukabadilisha karatasi."

"Sikutaka uwe na wasiwasi."

Kuvuja si kosa. Hata vibuyu vya mama yangu vilivuja. Angesema, ningemshikia tochi akaze, tukaanza kuhesabu siku upya. Lakini alinisikia nikimpa hongera, akaipokea.

"Fungua," nikamwambia. "Nipe diski yangu."

Alifungua skrubu huku machozi yakimdondokea mikononi. Nikamwambia afute, maji yasiingie. Diski nikaifunga kwenye kanga, nikaifungia kwenye sanduku langu la nguo.

Siku ileile akajaribu upya, siku nzima, na haikuvuja. Haijavuja mpaka leo, na kazi yake inakwenda vizuri. Kila Jumapili anakuja. "Shikamoo Koko. Nikutolee nakala ya babu?"

Namwitikia marahaba, namkaribisha chai. Diski simpi. Ule wimbo nauimba mwenyewe nikiwa peke yangu, ila siku hizi nikifika ubeti wa pili, sauti ya mzee siisikii tena kichwani.