Kiatu Kilichofumuliwa

Msusi wa kona ile ana mikono myepesi na mdomo usio na breki, na wateja humpendea vyote viwili. Nyumbani kwake, hata hivyo, mdomo huo haukumfaa kitu. Binti yake wa pekee alikuwa ameanza kuchelewa kurudi kutoka shule, na mkobani alikuwa na simu isiyonunuliwa na mtu wa nyumba ile.

"Umeipata wapi?"

"Nimeazimwa."

"Na nani?"

"Rafiki yangu."

Kila jioni alimkalisha kitako, akamkazia macho, akamhoji kama askari. Mtoto akazidi kujifungia. Msusi akakosa usingizi, maana alijua fika watoto wa watu hupotelea wapi.

Hapo ndipo alipomkumbuka marehemu baba yake, fundi viatu, mpaka roho ikamuuma. Msusi mwenyewe alipokuwa na umri wa binti yake, mwanamume mtu mzima alimwandama kwa zawadi. Jioni moja baba akamwambia, "Hebu nishikie kiatu hiki, mama," akashona bila kuinua macho. Maneno yakamtoka msusi yenyewe. Mzee hakufoka. Kuanzia kesho yake akawa anamsindikiza shule, na yule bwana akakata mguu. Jambo moja tu lilimshangaza jioni ile ya mazungumzo: baba alimaliza kushona soli, akaifumua yote, akaanza upya. Alimcheka siku ile. "Baba, umeanza kuzeeka."

Jumamosi msusi alifunga saluni mapema, akamkalisha binti yake kati ya magoti, kisogo kikimwelekea yeye. Hakuuliza kitu. Alichana, akagawa, akasuka. Alipofika utosini, binti akasema, "Mama, nikikwambia kitu utanipiga?"

"Mikono yangu ina kazi, mwanangu."

Binti akaeleza. Simu ni ya kijana mmoja wa mtaa wa pili, na sasa anamtaka ampelekee vifurushi asivyoruhusiwa kuvifungua. Anaogopa kumkatalia.

Vidole vya msusi havikusimama. "Tutairudisha wote wawili, mimi na wewe."

Mabega ya binti yakashuka. Bado alikuwa na mengi ya kusema, na ulikuwa umebaki msuko mmoja tu. Msusi akaumaliza, akaufumua polepole, akaanza upya.

"Mama, huo si ulishaumaliza?"

"Nimekosea. Wewe endelea tu."

Laiti angempata baba yake hata kwa dakika moja, amwambie kwamba kile kiatu amekielewa.