Kibaraza cha Mama Mkwe

Mtaani walimwita Pimamaji, jina la kifaa cha waashi cha kupimia unyoofu, kwa sababu hakuweza kuingia nyumba ya mtu akaacha picha imekaa upande. Kwanza anyooshe picha, salamu baadaye. Alikuwa mwashi wa kusifika, na kuta zake zilisimama wima kuliko baadhi ya watu waliolala ndani yake. Magoti yalipomkatalia kupanda jukwaa, akaamua kuandika kitabu, ili hata mtu asiyewahi kushika mwiko aweze kujijengea bila kuliwa na mafundi wa kubahatisha.

Ukweli ni kwamba kitabu kilimlenga msomaji mmoja: mama mkwe. Mama huyu, aliyewafundisha ushonaji nusu ya wasichana wa mtaa, tangu harusi hakuwahi kumwita fundi. Kwake fundi ni anayeshona, mkwewe alikuwa "yule anayekoroga udongo." Pimamaji alinyamaza, maana mkwe hajibiwi, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mfupa. Akaona mama akisoma kitabu, atasalimu amri.

Akampelekea mswada kabla haujaenda kwa mchapaji. Mama hakuusoma tu, aliufuata. Akanunua saruji, mchanga na kokoto, akapima kwa ndoo kama ilivyoandikwa, akamwaga sakafu ya kibaraza chake kwa mikono yake mwenyewe na kuisawazisha kwa ubao. Wiki mbili baadaye akamwita mkwe aje aone.

Pimamaji alikwenda amevaa shati lake la harusini. Akakuta sakafu ina nyufa kama kisigino, na kila ukipitisha fagio inatoa vumbi jipya.

"Mama, ulikuwa unaimwagia maji?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ukurasa wa ngapi?"

Pimamaji akapekua mswada mbele, akarudi nyuma. Namna ya kushika mwiko ipo, hata ushauri wa kuvaa kofia upo. Maji hayapo. Zege likishashika hunyweshwa kila siku, wiki nzima, ndipo likomae. Jambo hilo alilijua kama kupumua, na nani anaandika kwamba msomaji apumue? Mama kwa upande wake aliilinda sakafu isipate hata tone, akamfukuza na jirani aliyepita na ndoo. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya hayakumwagika kabisa.

Aibu ilimshika Pimamaji, akatamani angepasuka yeye. Akajitetea kwamba jambo hilo kila mtu analijua. Mama akachomoa sindano kwenye kola ya gauni lake.

"Msichana akija kwangu, namwanzishia kutunga uzi. Simdharau, ndiyo pa kuanzia. Wewe, mkwe wangu, umeanza na shati."

Pimamaji akaufunga mswada. Akamwomba mchapaji asubiri, sakafu ikavunjwa, kazi ikaanza upya. Lakini mama akamkataza kugusa chepeo: yeye akae kitini aseme, mama atafanya, na asichoelewa atauliza. Akauliza tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Kwa nini mchanga uchekechwe? Maji yakizidi kwenye zege kuna ubaya gani? Na nani kasema? Pimamaji, aliyebeba matofali miaka yote, siku hiyo aliumwa ulimi. Mkewe, aliyekaa pembeni akiandika kila jibu, alicheka mpaka kalamu ikamtoka mkononi.

Siku chache baadaye Pimamaji alikuwa kibarazani wakati mama akiinywesha sakafu. Jirani yule yule akapita, akaisifu, akauliza kaijenga nani.

"Mimi," mama akasema.

Pimamaji akainamisha kichwa. Alishazoea.

Mama akatua ndoo. "Ila aliyenifundisha ni huyu hapa, fundi wangu. Alikuwa hajui kueleza, nikamsaidia."

Machozi yakamlengalenga Pimamaji. Akainuka upesi, akasema anaingia sebuleni kunyoosha picha. Akaishika picha kwa mikono miwili, akakaa nayo hivyo kitambo, ingawa ilikuwa imenyooka.