Kabla ya Kuiwasha, Mwambie Bi Mwanaidi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika redio ndogo ya Lushoto, Mkuu wa Mitambo hakunionyesha kompyuta. Alinipeleka studio nimwamkie Bi Mwanaidi, msomaji wa matangazo ya vifo. "Huyu ndiye mwenye mashine," alisema. "Sisi tunaitunza tu." Nilidhani anatania.

Kompyuta hiyo ilipiga muziki na kumwonyesha Bi Mwanaidi maandishi ya kusoma. Baadaye ikaanza kuganda, hasa mlio wa msiba ukipigwa chini ya sauti yake. Kwa vitabu vya kuazima nilikuwa nimejifunza habari za kiini, programu ya ndani kabisa inayoziongoza nyingine zote. Kiini huweza kuamriwa kisimame papo hapo kionapo kosa, kihifadhi yote yaliyokuwa kwenye kumbukumbu, ili fundi aone chanzo. Ni uchunguzi wa hatari: hata kosa dogo ambalo mashine ingelivumilia huizima.

Nilitaka kuiweka amri hiyo katika mipangilio ya kudumu. Mkuu alikataa.

"Iandike kwa mkono kwenye mstari wa kuwashia, mashine inapoamka. Ikizimwa, amri nayo imekufa. Ukiiacha mle ndani utasahau, na atakayekuja baada yako atazimikiwa asijue kwa nini. Na kamwambie mwenyewe."

Bi Mwanaidi alinisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo unataka kunizimia maiti wa watu?"

Nilikiri kwamba inawezekana. Siku hiyo kulikuwa na mzee wa Lukozi wa kuzikwa baada ya sala ya alasiri, na binti yake alikuwa Mtae, simu haipatikani. Asiposikia tangazo la saa sita, kwa barabara ile hatawahi. Nikashauri tungoje kesho.

"Kesho atakuwepo mwingine," alisema. "Nipe karatasi." Akayanakili matangazo yote, maana maikrofoni yake haikupitia kwenye kompyuta, ilikwenda moja kwa moja kwenye mtambo wa kurushia. "Washa, mwanangu. Ikinyamaza yenyewe, mimi sinyamazi."

Alipofikia tangazo la mzee wa Lukozi, mlio ulikatika na skrini ikajaa maandishi meupe. Hakuinua macho. Alisoma jina, kijiji na saa ya maziko, kisha akarudia yote polepole, kama anayemshika mtu mkono kwenye mteremko.

Chanzo kilikuwa programu inayoendesha kadi ya sauti. Niliibadilisha, nikawasha upya bila ile amri. Faili la kumbukumbu nililifuta, kwa kuwa lilibeba majina ya wafiwa na namba zao za simu. Jioni dereva wa Lukozi akatuletea habari: binti alifika kwa pikipiki, jeneza likiwa bado uani.

Sasa nimeacha kazi hiyo. Siku ya kukabidhi, dada aliyepokea kazi yangu aliniuliza uchunguzi ule huwashwaje. Nikamwambia tupite studio kwanza. Alitoa shikamoo, Bi Mwanaidi akaitikia na kumtazama juu ya miwani.

"Na wewe umekuja kunizimia?"

"Hapana, Bi Mwanaidi," nilimjibia. "Amekuja kukufahamu kwanza."