Vigelegele vya Magoli Tisa

Wiki iliyopita, kwenye foleni ya benki mjini Ruwi, huku Uarabuni, mzee mmoja alijigamba kwangu kwamba timu yao ya hoki iliwahi kumfunga baba yangu magoli tisa. Akacheka meno yote nje, akanipa mkono. Sikuupokea.

Nilipokuwa mtoto, palepale penye benki palikuwa uwanja wa vumbi na changarawe. Timu ya Baba, yetu sisi tuliotoka Unguja, ilikuwa mpya, na msimu mzima haikushinda hata mechi moja. Baba ndiye golikipa. Mie sikujua hoki wala Kiarabu. Siku hiyo ya magoli tisa niliona mpira hauishi kwenda kwake, na kila ukimpita watu wananguruma, nikadhani wanamshangilia. Basi nikawa napiga vigelegele, kama bibi alivyonifunza harusini.

Wakati wa kurudi Baba alinuka jasho na mafuta ya karafuu aliyojipaka magotini.

"Nani yule akipiga vigelegele?"

"Mie, Baba. Si walikuwa wakikusifu?"

"Walikuwa wakitwambia turudi kwetu."

Nilifurahi. "Basi twende, Baba!"

Akasimama, akatema vumbi.

"Huko nako tumefukuzwa."